Mdomo uliogoma kufunguka baada ya mionzi: uchambuzi wa kisa kimoja

Hiki ni kisa cha mgonjwa mmoja aliyepita kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia, hospitali ya ngazi ya mkoa hapa Tanzania. Jina lake, mkoa, vituo vyote alivyopita na vitu vingine vidogo vidogo nimevitoa ama nimevibadilisha asije akatambulika, na yeye na mkewe wamekubali kisa kiandikwe. Nitamwita Mzee tu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa fiziotherapia, manesi wa kliniki za kansa, watu wa meno, na pia ndugu wanaomuuguza mtu aliyemaliza mionzi ya kichwa na shingo, maana kwenye kisa hiki kazi kubwa ilifanyika nyumbani, hospitali tulikuwa wapimaji tu.

## Historia yake

Mzee ana miaka hamsini na kitu, anauza nafaka sokoni, ni mtu wa swala tano (hilo litakuja kuwa na maana huko mbele), sigara aliacha zamani. Ugonjwa ulianza na sikio la kushoto kuziba, kama maji yameingia, halafu damu kidogo kidogo anapopenga kamasi asubuhi, halafu uvimbe shingoni chini ya sikio. Uvimbe ukapewa antibayotiki, ukapewa tena, baadae ikashukiwa TB ya tezi, mpaka daktari wa masikio, pua na koo alipoingiza kamera puani ndo akaona kinyama kule nyuma kabisa ya pua. Kipande kikaenda maabara, majibu yakarudi kansa ya nasofarinksi, imeshafika kwenye tezi za shingo.

Matibabu aliyopewa ni yale yanayotegemewa kwa ugonjwa huo, mionzi grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) iliyogawanywa mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, huku anapata drip za sisplatini, dawa ya kansa. Mashine ilikuwa ya kobalti na mionzi ilipigwa kutoka pande mbili za uso, kushoto na kulia, zinatazamana.

Hapa tukae kidogo maana ndo chanzo chenyewe. Ukitaka kuifikia nyuma ya pua kutokea ubavuni mwa uso lazima upite mbele ya sikio, na mbele ya sikio ndo kuna kiungo cha taya, misuli ya kutafuna ya shavuni, mwisho wa ule msuli wa panja, tezi kubwa ya mate, na ndani zaidi kuna misuli ya pterigoidi, ile misuli ya taya ya upande wa ndani, ambayo imejishika kwenye mfupa jirani kabisa na mahali kansa ilipo. Kwaiyo hata ukipanga vizuri kiasi gani kwa mashine ya aina hiyo, hivyo vitu vyote vinakula dozi kubwa. Mashine mpya za linaki (zinatengeneza mionzi kwa umeme) zinazoweza kuchonga dozi ifuate umbo la kansa zinaipunguzia misuli mzigo na tatizo linapungua, ila haliishi, hasa kama kansa yenyewe iko ubavuni mwa hiyo misuli.

Mionzi haiharibu msuli siku ileile. Inachofanya ni kuamsha kovu la ndani, nyuzi za msuli zinabadilishwa taratibu na tishu ngumu isiyonyumbuka, mishipa midogo ya damu inaziba, msuli unakuwa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani, upo palepale ila ukiuvuta haurefuki. Kwa wagonjwa wa nasofarinksi waliofuatiliwa miaka kadhaa ilionekana mdomo hupungua kwa kasi zaidi kwenye miezi tisa ya mwanzo baada ya mionzi kuisha, halafu unaendelea kupungua polepole kwa miaka. Sasa jiulize miezi hiyo tisa mgonjwa wetu wa kawaida anakuwa wapi. Anakuwa nyumbani anashukuru Mungu amemaliza.

## Kilichotokea, hatua kwa hatua

Wiki za mwisho za mionzi mdomo ulijaa vidonda, mate yakakauka, akaishi kwa uji na maziwa na kusukutua maji ya chumvi. Baada ya kumaliza vidonda vikapona ndani ya kama mwezi na nusu, akarudi sokoni. Kadi ya kuruhusiwa ilimwambia arudi kliniki ya kansa baada ya miezi mitatu, akarudi, akaangaliwa shingo na pua, hakuna uvimbe, akaambiwa vizuri. Kuhusu taya hakuna aliyesema kitu na yeye hakuwa na cha kuuliza.

Aliyegundua kwanza ni mkewe. Mwezi wa tano hivi baada ya mionzi aliona mume wake anakata tonge dogo dogo kama la mtoto, embe haling'ati tena anataka akatiwe vipande, na akipiga miayo inakatikia njiani. Wakadhani ni uoga tu wa vidonda vya zamani. Akaenda kituo kimoja jirani akaambiwa kiungo cha taya kimeshika baridi yabisi, akapewa diklofenaki ya maumivu na dawa ya kuchua. Alizitumia miezi. Maumivu yanapungua kidogo mdomo haufunguki. Mswaki wa watu wazima ukawa haupiti vizuri kwenye meno ya nyuma, akanunua wa mtoto. Mdomo mkavu unamsumbua sokoni siku nzima, kwaiyo anakunywa soda fundo moja moja kutwa nzima, na mate hana ya kusafisha ile sukari.

Mwisho jino la nyuma, chini kushoto, likaoza na kuanza kuuma usiku. Akaenda sehemu wanayong'oa meno. Na hapa ndo kisa kilipopinda, maana jino lingeng'olewa siku ileile kama mdomo ungefunguka, ila koleo halikuweza kuingia. Wakamwandikia karatasi aje kwetu, imeandikwa mstari mmoja tu, afanyiwe mazoezi ya taya mdomo ufunguke ili jino ling'olewe. Neno mionzi halikuwepo popote kwenye ile karatasi.

Ilikuwa miezi kumi na moja toka amalize mionzi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia kwa mkono maana hata kuongea kulikuwa kunamchosha, maelezo yote akatoa mkewe, na mwishoni kabisa wakati nachukua rula ndo akasema, "Samahani dokta, na ile mionzi aliyopigwa usoni haina shida na hili jino?" Swali lake ndo lilibadilisha kila kitu kilichofuata.

## Tulichokikuta

Nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, milimita 16. Mtu mzima wa kawaida anafungua 40 mpaka 50 na kitu, na kwa waliotibiwa kansa ya kichwa na shingo tukikuta 35 au chini ya hapo tunahesabu ni trismasi, yaani taya limebana. Kwa kipimo cha mtaani, mtu anatakiwa aingize vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama, Mzee alikuwa anaingiza kimoja.

Kupeleka taya pembeni, kulia milimita 4, kushoto 2. Misuli ya mashavu migumu, kushoto zaidi. Kiungo chenyewe mbele ya sikio hakigongi, hakina sauti, ukikibonyeza hakiumi sana. Ukijaribu kumsaidia kufungua unafika mahali panagoma kabisa, hapana mnyumbuko. Ngozi ya shingo nayo ngumu. Mdomo mkavu mpaka ulimi unanata. Mfupa ulio wazi hatukuuona lakini kwa milimita 16 ukiniambia umeangalia mpaka nyuma ya magego nakukatalia. Uzito kilo 51, kabla ya ugonjwa alikuwa na 66.

Na kulikuwa na maumivu ya ndani ya sikio la kushoto, ya usiku, mapya, hayana hata miezi miwili. Hayo yalinitisha kuliko zile milimita.

## Uamuzi wa kwanza, taya lisivutwe kwanza

Tulibishana kitengoni. Hoja ya upande mmoja ilikuwa kwamba huyu kabana kwa sababu ya mionzi, kila wiki inayopita kovu linakomaa, tuanze kumvuta leo. Ni hoja yenye nguvu na mara nyingi ni kweli. Ila mtu aliyetibiwa kansa nyuma ya pua, taya likaendelea kubana, akawa na maumivu mapya ya usiku na anapungua kilo, huyo anaweza kuwa na moja kati ya vitu vitatu. Kovu la mionzi. Kansa imerudi na inatafuna misuli ya pterigoidi. Ama mfupa wa taya umekufa kwa mionzi na una maambukizi. Kwa nje vyote vinafanana, mdomo haufunguki. Mazoezi yanasaidia cha kwanza tu, kwa cha pili yanampotezea muda asio nao, na kwa cha tatu unaweza kumvunja taya.

Kwaiyo tukamrudisha kwenye kituo kilichomtibu kansa, na barua ndefu kidogo safari hii, vipimo vya milimita, maumivu ya usiku, kilo, na swali limeandikwa wazi, je kansa imerudi, je mfupa wa taya upo salama. Familia haikupenda. Nauli, kulala mjini kwa shemeji, duka kufungwa, na Mzee mwenyewe alikuwa na woga ambao hakuusema ila ulionekana, kwamba anaenda kuambiwa imerudi. Mkewe ndo alimwambia "tutaenda tujue, kama ipo ipo", wakaenda.

Kamera ya puani ilikuwa safi na CT (picha ya ndani) ya uso na shingo haikuonyesha kansa wala mfupa uliokufa. Maumivu ya sikio yakaelezeka kwa lile jino. Shughuli nzima ilichukua kama wiki tatu. Katika hizo wiki hatukumwacha bure, tulimpa mazoezi ya kufungua mwenyewe bila kusukuma na chochote, taulo ya vuguvugu shavuni (mkewe apime joto kwa mkono wake kwanza, maana shavu lililopigwa mionzi linaweza lisihisi vizuri mtu akaungua bila kujua), na mtu wa lishe akapanga chakula cha kuteremka chenye nguvu, mtori wenye nyama iliyosagwa, uji wa maziwa na karanga, parachichi.

## Uamuzi wa pili, jino lising'olewe

Taya la chini lililokula dozi kubwa ya mionzi linabaki na damu haba. Uking'oa jino pale shimo linaweza lisipone, mfupa ukabaki wazi miezi na miezi, na hiyo hatari haiishi baada ya mwaka mmoja, ni ya maisha. Kwa mionzi ya pande mbili kama ya Mzee, kona ya taya na eneo la magego ya chini lipo ndani ya njia. Ndo maana nasema bahati yake ilikuwa kwamba koleo halikuingia.

Daktari wa meno tuliyemshirikisha akauliza kwanza dozi iliyofika pale, akapiga simu kituo cha mionzi, akajibiwa kwamba eneo lile lilikuwemo. Akaamua jino libaki mpaka mdomo ufunguke kiasi cha kuingiza vifaa, kisha asafishe mizizi na kuiziba, akate sehemu ya juu iliyooza, mizizi ibaki mfupani imefungwa. Kwa wakati huo antibayotiki na kujaza dawa ya muda kwa namna alivyoweza kufika. Mzee akapewa dawa ya meno yenye floraidi nyingi, na soda ikapigwa marufuku, badala yake chupa ya maji kila mahali anapoenda.

Kwaiyo zile milimita zikawa na kazi maalumu. Daktari alituambia nipeni 25 hivi nitaweza kufanya kazi. Mgonjwa ukimwambia fanya mazoezi upone anachoka wiki ya pili, ila ukimwambia tunatafuta 25 ili lile jino linalokunyima usingizi litibiwe, anakuwa na mahali pa kuelekea.

## Uamuzi wa tatu, vijiti na swala tano

Kuna vifaa vya kiwandani vya kufungulia taya, vizuri sana, vinauzwa mamia ya dola. Hatuna na hatukupoteza muda kuvitafuta. Tukachukua vijiti vya mbao vile vya kukandamizia ulimi, boksi zima. Kimoja kina unene wa kama milimita moja na nusu hadi mbili, ukivipanga unapata ngazi ya kupanda taratibu. Siku ya kwanza vilimwingia tisa bila shida, cha kumi kwa kusukuma.

Namna alivyofanya ni hivi, nusu saa kabla anakunywa panado (wiki za mwanzo tu), anaweka taulo ya vuguvugu, anafungua mwenyewe mara tano, halafu anaingiza rundo la vijiti vinavyoingia kirahisi, kisha anachomeka kimoja katikati ya rundo polepole mpaka asikie anavutwa, sio kuchomwa. Anashikilia sekunde 30 kwa saa ya simu, anapumzika, anarudia mpaka mara tano. Vijiti vinawekwa kulia kisha kushoto mbele ya lile jino bovu, tukikwepa meno ya mbele peke yake maana yanaweza kulegea. Kijiti kikizoeleka siku mbili tatu anaongeza.

Hiyo yote ilitakiwa mara tano kwa siku, na hapo ndo mazoezi haya hufia. Mtu anauza mahindi, ana wateja, nani akumbuke mara tano. Yeye mwenyewe ndo alitoa jibu, akasema mi huwa nasimama mara tano kila siku, basi nikitoka kwenye swala nafanya na hili. Alikuwa na mfuko mdogo wa vijiti kwenye kanzu. Mkewe akafungua daftari, kila baada ya isha anaandika vijiti vingapi vimeingia. Wakija kliniki nilikuwa naangalia daftari kabla ya kuangalia mdomo.

Dawa ya pentoksifilini ilijadiliwa, huwa inatumika kulainisha kovu la mionzi ila faida yake kwenye taya ni ndogo. Kwetu hatukuwa na uhakika wa kuipata mfululizo, tukaiacha. Sindano ya botoksi inatuliza msuli unaokaza na maumivu, mdomo haiufungui, na shida ya Mzee haikuwa msuli unaokaza.

## Ramadhani

Mfungo uliingia kwenye mwezi wa tano wa mazoezi, akiwa amefika 27. Mzee akaacha vijiti mchana, akihofia kitu cha kutafunia mdomoni na mate yanayotoka kidogo. Hakuuliza mtu. Baada ya siku kumi mdomo ulikuwa 24.

Mkewe akaleta taarifa, tukakaa watatu. Mimi sio wa kutoa fatwa, nikamwomba aulize msikitini. Akarudi na maelezo kwamba kijiti kikavu ni kama mswaki wa mti, haufunguzi saumu, ila kwa Mashafii baada ya adhuhuri inachukiwa, yeye moyo wake usingetulia. Sawa. Tukahamisha ratiba yote usiku, baada ya futari, baada ya tarawehe, kabla ya kulala, akiamka kula daku, na kabla tu ya adhana ya alfajiri. Mazoezi matano yaleyale. Mwisho wa mfungo alikuwa amerudi 27.

## Matokeo

Kutoka 16, wiki ya nne alikuwa 20, mwezi wa tatu 25. Hapo jino likatibiwa kama lilivyopangwa, pakapona bila mfupa kuwa wazi, maumivu ya sikio yakaisha. Baada ya Ramadhani akapanda hadi 28, na kwenye mwaka mmoja 29. Amekwama hapo. Uzito ukafika kilo 57.

Anakula wali, samaki, ndizi, nyama ikikatwa ndogo. Kijiko cha kawaida kinaingia. Mswaki bado anatumia wa mtoto. Mate hayajarudi na sidhani kama yatarudi kwa kiasi cha maana. Sikio la kushoto halisikii vizuri, amepelekwa kwa wahusika. Vijiti anaendelea navyo, sasa hivi mara mbili kwa siku, alfajiri na isha.

## Uchambuzi: kilichosaidia

Nikipewa kuchagua kitu kimoja nitachagua lile swali la mkewe. Mfumo mzima ulipoteza taarifa moja, kwamba huyu mtu alipigwa mionzi usoni, na aliyeibeba ni mke. Hii sio sifa kwa mfumo. Kwa anayeuguza ndugu nyumbani, sentensi ya "alipigwa mionzi ya kichwa na shingo mwaka fulani" isemwe kwa kila anayegusa mdomo wake, daktari wa meno, mtu wa dawa za usingizi, hata kliniki ya kisukari. Mtu wa usingizi hasa, maana mdomo wa milimita 16 kuuingiza mpira wa kupumulia ni hatari, na bora ajue siku moja kabla kuliko mezani.

Kusubiri CT kulikuwa sahihi, na ningesema hivyo hata kama wiki tatu zingekuwa sita. Wapo wenzangu bado wanaona nilipoteza muda, wanasema ilikuja kuonekana ni kovu tu. Ndio, ila hiyo "tu" tuliijua baada ya picha. Mgonjwa ambaye taya linabana polepole toka mwezi wa tatu, hana maumivu mapya, anaongezeka kilo na kliniki ya kansa imemwona juzi, huyo naanza naye siku hiyohiyo. Mzee hakuwa huyo.

Kuhusu vijiti dhidi ya mashine. Kuna utafiti mdogo wa 1993 ulioonyesha kifaa cha kiwandani kinashinda vijiti kwa mbali, na huo ndo unaonukuliwa sana na wauzaji. Halafu kuna wa Uingereza uliochapishwa 2018, wagonjwa 71, uliolinganisha kifaa na vijiti vya mbao na haukukuta tofauti ya maana, makundi yote mawili yalipata nafuu. Mi natafsiri hivi, anayefanya kila siku anapata, asiyefanya hapati, na kifaa cha dola mia nne kikikaa kabatini hakifungui kitu. Faida ya kifaa ni kwamba kinagawa nguvu kwenye meno mengi, kwaiyo kwa mtu mwenye meno yaliyolegea ningekitamani.

Kufunga mazoezi kwenye swala kulifanya kazi kwa sababu hakukumtaka aongeze tabia mpya, ila ratiba ilitoka kwake. Mgonjwa mkristo anayelima nitafute kingine. Mmoja tulifunga kwenye kukamua ng'ombe asubuhi na jioni, tukaongeza baada ya kila mlo.

## Uchambuzi: kilichofeli

Hakuna aliyepima mdomo kabla ya mionzi. Sekunde kumi na rula ya mwanafunzi, hatuna hiyo namba. Kwaiyo 29 ya leo sijui ni hasara ya kiasi gani, inawezekana alianza na 45, inawezekana alianza na 38 maana kansa yenyewe inaweza kubana taya toka mwanzo. Na kama angepimwa kila kliniki, ya mwezi wa tatu ingeonyesha ameshuka, tukaanza akiwa na thelathini na kitu badala ya 16. Kuzuia kovu lisivute ni rahisi kuliko kulirudisha, na kwa waliokwama chini ya 20 mwaka mzima wengi hawafiki hata alipofika Mzee.

Hakupelekwa kwa daktari wa meno kabla ya mionzi. Meno mabovu yalitakiwa yaonekane mapema, ya kung'oa yang'olewe angalau wiki mbili kabla ya mionzi kuanza ili mashimo yafunge. Najua foleni za mionzi zilivyo, mtu anaitwa ghafla aanze Jumatatu, lakini foleni hiyohiyo ndo ingempa muda wa kuonana na meno.

Ile diklofenaki ya miezi kadhaa inatokana na kufikiria kiungo wakati tatizo ni msuli. Mtu akisema taya haliendi akili inakimbilia kwenye kiungo. Kutofautisha sio kazi ngumu, kiungo kikiwa na shida mara nyingi kinagonga, kinauma ukikibonyeza mbele ya sikio, taya linapinda upande likifunguka, na siku nyingine linafunguka vizuri siku nyingine halifunguki. Kovu la mionzi ni lilelile kila siku na kila mwezi limepungua. Ingawa hapa nisieleweke vibaya, kiungo kisichotembea mwaka mzima nacho kinakakamaa, kwaiyo 29 aliyokwama nayo Mzee nahisi sehemu yake ni kiungo sasa, na hiyo ndo gharama ya kuchelewa.

Siku kumi za Ramadhani zilitufundisha kwamba kovu bado linavuta hata mwaka na nusu baada ya mionzi. Milimita tatu zilipotea kwa siku kumi, zikachukua wiki kama tatu kurudi. Ratiba ya mfungo ilitakiwa ipangwe Shaaban. Saivi kwenye fomu yetu tumeongeza mstari wa mfungo, iwe Ramadhani iwe Kwaresma, maana hata wanaofunga Kwaresma kuna wanaoacha dawa.

## Mambo machache ya kupimia

Tumia rula ileile, mgonjwa akae kichwa kimeegemea, afungue mwenyewe bila kusukumwa, toka ncha ya jino la juu la kati mpaka ncha ya jino la chini la kati, rudia mara tatu andika kubwa. Andika kwa milimita, "anafungua vizuri" ikiandikwa kwenye faili haimsaidii anayefuata. Asiye na meno ya mbele pima fizi kwa fizi na uandike kwamba ni fizi, usimlinganishe na 35 maana mwenye fizi tupu namba yake lazima iwe kubwa zaidi, mlinganishe na yeye mwenyewe wa kliniki iliyopita. Mwenye meno bandia pima akiwa ameyavaa, kila mara. Na akishuka milimita tano toka kipimo kilichopita huku anafanya mazoezi vizuri, sisi tunasimamisha vijiti na kumrudisha kwa daktari wa kansa aangaliwe upya kabla ya kuendelea.